Ndiyo ya Kuvuta Pumzi

28 Septemba

Mama ameitwa! Barua ya shirika la Ripan imefika mchana nami nimeifungua kabla yake, kosa ambalo sikulikana aliporudi. Wanatafuta marubani wasaidizi wawili wa zile ndege zao za injini mbili, zinazotua hapa kwetu Kvarnsele, kaskazini mwa Uswidi, asubuhi na jioni. Kwa nje Mama anazijua ndege hizo kuliko mtu yeyote, maana ndiye anayeendesha gari la kufagia theluji kwenye njia ya kurukia, mwaka wa kumi na moja sasa. Kwa ndani hazijui. Leseni yake ameisomea wikendi kwa miaka sita, akaomba kazi mashirika manne, na hakuna lililomwita hata kwa mahojiano.

Ana miaka arobaini na mbili. Kibali chake cha kuruka ndani ya mawingu kinaisha mwisho wa Machi, na bila kazi hana ndege ya kukihuishia. Kwa hiyo ni Ripan au basi tena.

Nilimuuliza kama atakwenda. Akaitikia. Nilimuuliza kama nimsaidie kusoma, kwa sababu jambo moja ninaloliweza duniani ni kusoma. Akaitikia. Nimeanza kuandika shajara hii ili nisisahau jinsi ilivyokuwa kabla hajapata kazi.

2 Oktoba

Maswali mia mbili na kumi. Amekosa tisa. Mimi nimekosa jaribio la hisabati.

9 Oktoba

"Injini ya kushoto inawaka moto," nilimwambia.

"Sasa hivi? Na mikono yangu imejaa unga?"

"Mama."

"Haya, haya. Kwanza nairusha ndege. Halafu namwambia kapteni nilichokiona. Halafu ndiyo nagusa kitu."

Babu Helmer anaishi chumba cha chini na hupanda kila jioni kunywa kahawa yetu, akidai yake haina ladha. Aliuliza kama ndege inaweza kuruka kwa injini moja.

"Inaweza," nikasema. "Imetengenezwa hivyo."

"Basi ni kama mimi," akasema, akajipiga nyonga, ile moja iliyobaki nzima. Nikamuuliza kama aongezewe kahawa. Akaitikia. Akaimimina kwenye kisahani na kuinywa kwa kelele kama kawaida.

Nilikuwa na furaha leo. Naandika hivyo ili iwepo mahali.

17 Oktoba

Theluji ya kwanza. Mama ameamka saa tisa usiku kwenda kufagia, akarudi saa tano, akalala na kitabu cha hali ya hewa usoni.

23 Oktoba

Amepanda treni ya Stockholm kwa mahojiano na mtihani kwenye mtambo wa kuigiza ndege. Kituoni nilimuuliza kama ana kila kitu. Akaitikia. Nilitaka kumkumbatia lakini Melker wa darasani kwetu alikuwa amesimama pale akila soseji, nikaona haya.

26 Oktoba

Amerudi. Nikauliza kama mambo yalikwenda vizuri. Akaitikia. Alikuwa anang'aa, Mama yangu ambaye hang'ai.

3 Novemba

Amekataliwa.

Ninakili barua neno kwa neno, kwa sababu nimeisoma mara nyingi mno hata nisiponakili itabaki kichwani: "Mwombaji anaiongoza ndege vizuri sana. Mawasiliano yake, hata hivyo, yanatia wasiwasi. Alipotajiwa jambo na kapteni, mara kumi na moja hakujibu. Mara nne kapteni alilazimika kuchukua usukani, akidhani mwenzake amezimia." Imetiwa saini na Kapteni Brolin.

Marubani wana sheria: ukimtajia mwenzako jambo mara mbili asijibu, mchukulie amezimia, shika usukani wewe. Sheria hiyo nilimsomea mimi mwenyewe, ukurasa wa mia na nne. Aliijua.

"Nimezimia!" Mama alisema. Alikuwa bado na viatu vya theluji miguuni, jambo analotukataza sisi. "Mimi! Nilimjibu kila kitu, Tuva. Kila kitu. Na yule bwana anageuka ananiangalia kama vile namsonya."

"Wa kusini hao," alisema Babu. "Ukiongea nao lazima upige kelele kama unafukuza dubu."

Mama hakucheka. Alikwenda kufagia njia ya ndege ambayo ilikuwa tayari safi.

5 Novemba

Naandika barua ya malalamiko kwa Ripan. Rasimu ya nne. Nimetumia neno "dharau" mara tatu na "ubaguzi wa mikoa" mara mbili.

8 Novemba

Rasimu ya saba. Namchukia Kapteni Brolin ambaye sijawahi kumwona. Giza linaingia saa nane na nusu mchana. Mama hafungui vitabu tena. Amevirudisha kwenye boksi na boksi ameliweka gereji, juu ya matairi.

11 Novemba

Lazima niandike hili kwa utaratibu.

Mwalimu wetu wa fasihi anaumwa, na wiki hii tunafundishwa na Bwana Torell aliyetoka Malmö, kusini kabisa. Leo aliniita.

"Tuva, umesoma sura ya tatu?"

Nikamjibu.

"Tuva? Umesoma sura ya tatu?"

Nikamjibu tena, na masikio yakaanza kuniwaka.

"Kama hukusoma, sema tu hukusoma. Si vizuri kukaa kimya mtu anapokuuliza."

"Mwalimu!" Melker aliita kutoka nyuma. "Amekujibu mara mbili. Wewe masikio umeyaacha Malmö?"

"Amejibu nini?"

Melker akakaza midomo, akavuta hewa ndani ghafla, *shup*, kama mtu anayeonja uji wa moto. "Hiyo. Hiyo ndiyo 'ndiyo' yetu."

"Hiyo?" Bwana Torell alishangaa kweli, hakuwa na ubaya. "Mimi nilidhani ana mafua."

Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilisimama katikati ya kipindi, mimi ambaye huomba ruhusa hata ya kuchonga penseli, nikatoka bila koti.

Nimeisoma shajara hii tangu mwanzo. Nimeandika "akaitikia" mara tano. Hakuna hata mara moja palipokuwa na neno.

12 Novemba

Niliwasha feni ya jikoni hadi mwisho iwe kelele ya injini, nikaweka simu mezani ikirekodi, nikamuuliza Mama maswali sita ya kujibu ndiyo. Kisha nikamsikilizisha. Sauti yangu. Feni. Sauti yangu. Feni.

Alisikiliza mara tatu, kichwa amekiinamisha.

"Mimi niko wapi?" aliuliza.

Nikamweleza nilichosoma jana: kwamba maikrofoni za marubani zimewekwa zikate pumzi, ili mtu asisikie mwenzake akihema njia nzima. Sauti inapita. Pumzi haipiti. Kapteni Brolin hakusikia kitu mara kumi na moja.

Babu akasema upuuzi, watu wamekubaliana hivi tangu mababu, wameuza farasi na kuoa hivi.

"Ila hawakurusha ndege, Baba," Mama akasema. Akaenda gereji kuleta boksi.

Barua ya malalamiko nimeichana. Nimeandika nyingine ya mistari minane. *Sikuzimia. Nilikuwa nakubali.* Mama ameisaini.

20 Novemba

Kapteni Brolin amepiga simu mwenyewe. Nilimsikia akicheka hadi akakohoa. Halafu hakucheka tena.

"Sikiliza, Annelie," alimwambia Mama. "Ndege haijui mtu katoka wapi. Mmoja wa tuliowachukua amejitoa, kwa hiyo njoo urudie mtihani tarehe kumi na nne Januari. Lakini nikikukosa mara moja, moja tu, tumemalizana."

Siku hamsini na tano. Mtu anaweza kujifunza lugha nzima.

24 Novemba

Viti viwili vya jikoni mbele ya dirisha. Mama kulia, Babu kushoto kama kapteni, amevaa vile vizuia kelele vyake vya kukatia magogo. Mimi nyuma na daftari, kila pumzi naiwekea alama.

"Magurudumu juu!" Babu alinguruma.

Kimya.

"Mama!"

"Si nimejibu!"

"Hujajibu."

"Nimejibu, bwana! Loo. Hapana. Sijajibu."

"Kapteni, uko tayari turudie?" niliuliza.

Babu akavuta pumzi.

"Kapteni naye kazimia," Mama alisema. "Ndege nzima imekufa, abiria waombe Mungu."

Tulicheka hadi Babu akalazimika kuvua vile vizuia kelele. Alama: thelathini na moja.

25 Novemba

Ishirini na tisa.

26 Novemba

Thelathini na nne. Alikuwa ametoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo.

2 Desemba

Ishirini na sita. Nyuzi ishirini na tisa chini ya sifuri. Gari halikuwaka, kichwa changu pia.

13 Desemba

Sikukuu ya Lucia, ya mishumaa gizani. Nilitembea nyuma kabisa ya msafara na mshumaa wa betri uliozimika. Alama za Mama: kumi na tisa.

Naona sasa kwamba mji mzima unavuta. Keshia. Mchungaji. Daktari wa meno, akiwa na mikono mdomoni mwangu. Nimekaa miaka kumi na sita katikati ya watu waliozimia.

19 Desemba

Kumi na tisa ileile. Sielewi. Anajua orodha nzima ya ukaguzi kwa moyo, anajua joto la mafuta ya injini, anajua kila mlima kati ya hapa na Norwe. Neno moja linamshinda. Nikimsahihisha anasema, "Najua!" Kama anajua kwa nini hasemi?

27 Desemba

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Theluji imeanguka siku tatu mfululizo, na Mama alifanya kazi hata usiku wa Krismasi. Leo aliingia saa moja jioni, nyusi zake nyeupe, akaketi. Nilikuwa nimemwekea kahawa, ambayo huku kwetu hutiwa vipande vya jibini.

"Unataka jibini ndani yake?" niliuliza.

Akavuta.

"Sijasikia."

Akaniangalia. "Tuva, nimechoka."

"Zimebaki siku kumi na nane. Unataka jibini?"

Akavuta tena, kwa makusudi nadhani, kwa nguvu.

"Sijasikia."

Kijiko kikagonga ukuta. "Mimi ni mama yako, si kasuku wako! Tangu nizaliwe 'ndiyo' yangu imetosha! Kila mtu imemtosha! Imemtosha baba yako mbele ya kanisa zima!"

"Na kweli ilimtosha?" nikasema.

Baba anaishi Umeå na mke mwingine. Sijui maneno yale yalitoka wapi. Mimi ambaye darasani sauti hainitoki, kumbe ninayo ya kumchomea mama yangu.

Babu aliokota kijiko, akakiosha, akakifuta, akakiosha tena.

28 Desemba

Hatuzungumzi.

29 Desemba

Hatuzungumzi. Theluji.

30 Desemba

Amebisha hodi chumbani kwangu kabla sijaamka. "Nijaribu," alisema. Nilimtajia mambo arobaini nikiwa bado ndani ya blanketi. Amekosa mawili tu. Wala hatukuombana msamaha, tulihesabu tu.

14 Januari

Alipiga simu saa tisa na dakika kumi. Sikusalimia hata. "Ngapi?"

"Sifuri," alisema Mama. "Nimepata."

Babu alivuta pumzi ndefu hivi, nikadhani hataitoa.

25 Januari

Mama ameondoka. Wiki nne za masomo Stockholm, halafu safari arobaini za kweli kutoka Sundsvall, mwalimu akiwa kiti cha kushoto, halafu mtihani wa mwisho. Akishindwa hapo, kazi hana. Nilidhani nitafurahi. Nala viazi na Babu tukiangalia kiti cha Mama.

8 Februari

Anapiga kila Jumapili. Anaongea kama mashine. Nikimwambia Babu ameanguka kwenye barafu lakini hakuumia, anajibu, "Imethibitishwa," kisha anasema, "Samahani, namaanisha pole."

19 Februari

Leo si Jumapili, lakini nilimpigia mimi, nikamuuliza nilichokuwa nataka kumuuliza tangu Septemba.

"Ukifaulu, watakupanga hapa nyumbani?"

"Hawaahidi. Wengi wanabaki Sundsvall, kuna ghorofa nzuri, kuna..."

"Lakini wewe. Utaomba kurudi?"

Hakuna kitu kwenye simu.

"Mama? Utaomba kurudi?"

Hakuna kitu. Nilihesabu hadi nne. Nikakata.

Nilikaa dakika kumi ndipo nikafikiri: labda alivuta. Simu nayo haipitishi pumzi, mimi zaidi ya watu wote ninalijua hilo. Lakini nimemfundisha karibu miezi miwili asivute. Kama alivuta, basi hajajifunza, na atafeli mtihani. Kama hakuvuta, basi sikujibiwa. Sijui nitake lipi.

22 Februari

Jumapili. Simu imeita mara tatu. Sikupokea.

1 Machi

Sikupokea. Babu amepokea ya chini. Nilimsikia akisema, "Yupo. Anasoma. Unamjua." Aliponitazama baadaye nikamwambia asianze. Akasema hajaanza chochote, yeye ni mzee tu anayetafuta sukari.

10 Machi

Safari thelathini na sita kati ya arobaini, kasema Babu. Sikumuuliza.

17 Machi

Mtihani wake ni kesho. Ndege ya jioni, kutoka Sundsvall kuja hapa, na Kapteni Brolin mwenyewe kiti cha kushoto. Redio inasema theluji.

18 Machi

Nimeandika kurasa nne nikazichana, zilikuwa na vivumishi vingi. Haya ndiyo yaliyotokea.

Uwanjani tulikuwa watu sita na Babu wa saba. Kijana aliyechukua gari la Mama alifagia njia, na kabla hajamaliza upande wa pili, wa kwanza ulikuwa umeshakuwa mweupe tena. Saa kumi na moja na robo tukaisikia. Taa zikatokea chini kabisa, mkabala na sisi, zikashuka, zikashuka, halafu mngurumo ukapanda na taa zikamezwa na wingu. Wameghairi kutua.

Nilishika waya wa uzio. Sikuwaza kuhusu milima. Niliwaza kwamba kule ndani mtu sasa hivi anamtajia mama yangu jambo, na kwamba mimi, kwa hasira, sikumfanyisha mazoezi wiki nne.

"Anajibu," Babu alisema.

"Umejuaje?"

"Ingekuwa hajibu, wangekuwa wamekwenda zao kutua Umeå."

Ilichukua dakika kumi na mbili. Mara ya pili taa zilishuka na kuendelea kushuka, magurudumu yakagusa, theluji ikapaa nyuma yake kama unga.

Kapteni Brolin ni mfupi na ana masikio makubwa, jambo ambalo kwa kweli halikutusaidia. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Wewe ndiye Tuva? Wewe ndiye uliyeandika zile barua?"

Nilituma moja tu, lakini nilishindwa kusahihisha. Nikavuta.

"Nimekusikia," akasema, akatabasamu. "Miezi hii nimefunzwa. Mama yako hajanipotea hata mara moja. Niliposhindwa kuona taa za njia alisema 'Ghairi!' hadi abiria wa safu ya nane wakadhani wanaambiwa wao. Amefaulu."

Mama alikuwa nyuma yake, ana mistari miwili ya rubani msaidizi begani. Alikuwa na sura ya mtu asiyejua kama anaruhusiwa kukaribia. Nilimchukulia begi. Nililipakata hadi nyumbani.

Jikoni Babu alikata jibini ndani ya vikombe. Mama alisubiri hadi Babu aketi.

"Hukupokea simu zangu."

"Nilikuuliza swali hukujibu. Mara mbili."

"Nilijibu."

"Ulivuta."

"Nilivuta," alikiri.

"Miezi miwili, Mama! Miezi miwili nimekaa na daftari!"

"Kule naongea na kapteni, Tuva. Ile ni kazi." Alikizungusha kikombe. "Wewe nilikujibu kama wewe. Sikufikiria simu. Niliona umekata, nikajua umekasirika kwa sababu nimesema ndiyo. Wiki zote hizi najiuliza, kwani hataki nirudi?"

Nilikoroga kahawa yangu, jibini likizunguka. Nina msamiati mkubwa, walimu wote wanasema hivyo.

"Nimeomba Kvarnsele," aliendelea. "Nafasi itapatikana Juni. Au Agosti, hawasemi sawasawa. Hadi hapo ni siku kumi Sundsvall na nne hapa, na kesho saa kumi na moja alfajiri nimeshaondoka. Utaweza kuvumilia?"

Juni au Agosti. Ilikuwa bado inaniuma, na ilikuwa haki yangu iniume. Nilivuta pumzi, na hata mimi sikujua kama ilikuwa ya hasira au ya kukubali.

Mama aliinua kichwa. "Tuva? Utaweza?"

Mara ya pili. Niliuona mkono wake ukianza kusogea juu ya meza kuja upande wangu, taratibu, kama marubani wanavyofundishwa mwenzao asipojibu.

"Ndiyo!" nikasema, kwa sauti kubwa mno kwa jikoni ile, na Babu akashtuka akamwaga kahawa yote ya kisahani mapajani.

"Nani kazimia?" aliuliza.

"Hakuna, Baba," alisema Mama. Mkono wake ulikuwa umeshafika. "Wote tupo."